Marejesho ya Mkesha wa Idd

Mwizi aliyeingia ofisi ya kodi mkesha wa Idd hakuchukua hata kalamu.

Inspekta Sabiha alifika mahali pa tukio Jumatatu asubuhi akakuta kila kitu kipo. Kompyuta ipo. Kabati lina kufuli lake. Feni inazunguka darini kwa uvivu wake wa kila siku. Hata kopo la biskuti la mkuu wa kitengo lilikuwa mezani, na biskuti zake ndani.

"Tumeibiwa!" alisema mkuu mwenyewe, Bwana Tahiri. Alikuwa mtu mnene, shati limenyooshwa vizuri, jasho linamtiririka kama aliyefukuzwa na nyuki.

"Kimeibwa nini?"

"Fedha za serikali."

"Zimeibwaje?"

"Watu wamelipwa, Inspekta! Wamelipwa wote!"

Koplo Badru, aliyekuwa akiandika pembeni, aliinua kichwa. Sabiha alivuta kiti akakaa.

"Watu gani hao?"

Walikuwa wadai wa marejesho. Mfanyabiashara hulipa kodi ya mapato kwa makadirio, mwaka ukiwa bado unakwenda. Mwaka ukiisha, akikuta faida haikufika pale alipokadiria, kile kilichozidi ni haki yake arudishiwe. Ndivyo sheria inavyosema, na kwenye karatasi sheria ni tamu kama haluwa. Kwenye kitengo cha Bwana Tahiri utamu uliishia mlangoni. Dai liliingia, likahakikiwa, likaonekana halali, kisha likalala. Aliyekuja kuliulizia aliambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ilikuwa haifiki. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mjini Tanga matumbo yaliyouma kwa ajili ya ofisi ile ungeshindwa kuyahesabu.

"Alhamisi, jua linazama," Tahiri alieleza, "mtu ameingia humu, amewasha kompyuta yangu, ametumia jina langu na neno langu la siri. Ameidhinisha madai yote yaliyokuwa yakisubiri. Siku ya Idd watu wameamka na ujumbe wa benki kwenye simu zao."

"Madai yalikuwa ya uongo?"

"Hapana. Yalishahakikiwa."

"Kuna aliyelipwa zaidi ya haki yake?"

"Sijasema hivyo."

"Kuna aliyelipwa asiyestahili?"

"Inspekta, unanihoji mimi au mwizi?"

"Mwizi simjui bado. Wewe nakuona."

Badru alikohoa ili asicheke. Tahiri alijifuta shingo.

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Ushongo. Niliondoka mchana, nikapumzike ufukweni. Hoteli nzima ni mashahidi."

"Neno lako la siri anajua nani?"

"Mimi na Mungu wangu."

"Hujamwambia mtu? Hata siku moja, kwa dharura?"

"Hata mke wangu. Andika hivyo. Nitatia sahihi."

Badru aliandika, Tahiri akatia sahihi. Sabiha aliinama kutazama kitasa cha mlango. Hakikuwa na mkwaruzo wala alama ya chuma. Aliyeingia aliingia kwa ufunguo, na kompyuta ilionyesha kwamba neno la siri liliandikwa mara moja tu, bila kukosewa.

"Funguo za hapa wanazo nani?"

"Mimi. Afisa wa uhakiki, Anjela. Na mlinzi." Tahiri alisogea karibu. "Mlinzi ndiye wa kumshika. Mzee Mselem. Zamu ya Alhamisi ilikuwa yake, na ana funguo zote kiunoni."

"Na neno la siri amelipata wapi?"

"Huenda alinichungulia. Wazee wa siku hizi wana ujanja, usiwaone hivyo."

Haikumwingia akilini Sabiha. Lakini mkuu wa kituo, Mrakibu Kristofa, alikwisha pigiwa simu na Tahiri kabla gari la polisi halijawashwa. Amri ilikuwa imetoka. Mzee Mselem alitiwa pingu langoni, mbele ya watu aliokuwa akiwafungulia kila asubuhi.

*

Alikuwa mzee wa Tongoni aliyehamia Makorora zamani, mwembamba, ana kofia iliyotariziwa kwa mkono, imechakaa.

"Shikamoo, Mzee Mselem."

"Marahaba, mwanangu. Mahabusu naye huamkiwa?"

"Mahabusu hayafuti umri. Alhamisi magharibi ulikuwa wapi?"

"Langoni."

"Mzee."

"Langoni, nakwambia!"

"Muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara amesema kiti chako kilikuwa kitupu."

Mzee alitazama sakafu. Vidole vyake vilianza kuchezea ukingo wa kofia.

"N'litoka," alisema. "Ilikuwa ishirini na tisa ya Ramadhani, watu wote macho juu, watafuta mwezi. Msikitini palikuwa na uji. N'kafungua, n'kasali, n'karudi. Wallahi sikukawia."

"Mbona ulidanganya?"

"Mlinzi akiacha lango hufukuzwa. Kwa umri huu n'takwenda kulinda wapi tena?"

"Neno la siri la Bwana Tahiri unalijua?"

"Neno gani?"

"La kufungulia kompyuta."

"Mwanangu, simu hii yenyewe n'kitaka kumpigia mtu namwita mjukuu." Kisha akainua macho, na sauti ikakaza. "Lakini n'sikilize. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafungulia wale watu waingie, na mimi ndiye niliyewaona wakitoka. Mwenye kulia alilia pale langoni kwangu. Kama wamelipwa, alhamdulillahi. Kama ni kosa kufurahi, basi hilo n'shike nalo."

Nje, kwenye baraza la kituo, mkewe Bi Khadija alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, chombo cha wali ubavuni. Polisi wawili walikwisha mwambia aende nyumbani. Aliwatazama kama watoto waliochelewa madrasa.

"Bibi, Makorora si mbali. Nenda, tutakuarifu," Sabiha alimwambia.

"Si mbali, najua. Nami siendi. Mmemchukua mwenye miguu mibovu mkamlaza kwenye saruji, kwa sababu hana wa kumpigia simu. Yule mwenye wa kumpigia yuko ofisini anakunywa chai. Nitakaa hapa hapa mpaka mkome."

Sabiha aligeuka akarudi ndani. Aliingia kwa Mrakibu Kristofa.

"Jumatano mzee anafikishwa mahakamani," alisema mkuu, bila kuinua uso.

"Kwa ushahidi upi?"

"Alikuwa na funguo. Aliacha lindo. Alidanganya polisi. Unataka nini tena?"

"Hajui kuwasha kompyuta, afande."

"Wewe ni mpelelezi au wakili wake?"

"Mpelelezi. Ndiyo maana nasema si yeye."

"Una hadi kesho jioni," alisema Kristofa. "Usiponiletea mwingine, huyu atatosha."

Atatosha! Neno lile lilimkera Sabiha kuliko matusi. Mtu anapelekwa jela kwa kuwa anatosha, kama kitambaa kwa fundi cherehani.

*

Jumanne asubuhi matokeo ya alama za vidole yalikuwa tayari. Mtaalamu alizikuta za watu wawili tu kwenye kibodi ya Tahiri. Za mzee Mselem hazikuwemo.

"Za mwenye kompyuta ni chache," Badru alisoma. "Za afisa wa uhakiki ni tele. Afande, mtu gani kibodi yake inaguswa na mwingine kuliko yeye mwenyewe?"

"Mletee kiti Bi Anjela," alisema Sabiha.

Anjela alikuwa Mbondei wa Muheza, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, gauni la kitenge, nywele zimesukwa vizuri. Kazi yake ilikuwa kuhakiki madai kabla hayajapelekwa kwa mkuu. Aliingia bila wasiwasi, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Vidole vyako vimejaa kwenye kompyuta ya mkuu wako."

"Huwa nafuta vumbi."

"Kwa vidole vitupu?"

"Vumbi la ofisi ile halisikii kitambaa, Inspekta."

"Alhamisi, jua likizama, ulikuwa wapi?"

"Nilialikwa futari."

"Na nani?"

"Mama Sakarbai, mjane wa marehemu Esmailji. Wale Mabohora wa duka la kamba."

"Hebu nieleze futari yenyewe."

"Tulikaa tukazunguka sinia moja, kama wanavyokaa wao. Tukasubiri adhana. Ilipolia Mama Sakarbai akafungua kwa tende, nasi tukafuata. Baadaye uji, sambusa, tambi."

"Na wewe Mkristo ulisubiri adhana?"

"Mgeni hufuata ya mwenyeji."

Alijibu kila kitu kwa utulivu, kama mtu aliyezoea kusema na watu waliokasirika huku yeye hakasiriki. Sabiha alimwachia aende, lakini Badru akatumwa kukaa karibu na ofisi yake asipotee.

*

Duka la marehemu Esmailji lilinukia katani tangu mlangoni. Kamba zilikuwa zimeviringishwa hadi darini, nene za meli na nyembamba za kufungia mbuzi. Uani, karakana iliyofungwa mwaka mzima ilikuwa wazi. Wasokotaji wawili walikuwa wakipaka mafuta mashine, wakitaniana kwa sauti kubwa.

Mama Sakarbai alikuwa nyuma ya kaunta, kavaa rida, lile vazi la wanawake wa Kibohora, ya rangi ya waridi, miwani imening'inia kifuani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kunidai nirudishe?"

"La."

"Vizuri, kwa sababu sirudishi. Hii ilikuwa haki ya mume wangu. Ameidai miaka mitatu mpaka amekufa. Atakayeitaka aje na jeshi."

"Sijaja na jeshi. Nimekuja kuuliza kuhusu Bi Anjela. Alhamisi magharibi alikuwa wapi?"

"Hapa," alijibu upesi. "Amekuja, amekula. Andika hivyo."

"Mlifuturu pamoja?"

Mama Sakarbai alivaa miwani. Akaivua. Akaanza kuviringisha kamba ambayo tayari ilikuwa imeviringishwa.

Sabiha alizaliwa Makorora, lakini nyanya yake alikuwa akifua nguo kwa Mabohora, wale Wahindi Waislamu wa mjini. Watoto wa mtaa wao walijua jambo moja ambalo mtu wa kuja halijui: Bohora hangoji mwezi. Kalenda yake imekwisha hesabiwa tangu zama za mababu, na kwa hiyo Idd yake huitangulia ya jirani kwa siku moja, pengine mbili. Watoto wale walikuwa na Idd mbili kila mwaka, ya peremende za Wahindi na ya nguo mpya za kwao.

"Mama," alisema taratibu, "Idd yenu mwaka huu ilikuwa lini?"

"Umekulia hapa hapa. Unajua."

"Nataka unitajie wewe."

Yule mama alimkazia macho. Hakuwa mtu wa kuinamisha uso.

"Alhamisi. Asubuhi tumesali, mchana tumekula mpaka tumechoka."

"Basi Alhamisi magharibi humu hapakuwa na mtu aliyekuwa anasubiri adhana ili afungue kwa tende."

"Hapakuwa."

"Anjela amenieleza futari ambayo haikuwapo. Ofisini kwake Waislamu wote walikuwa bado wamefunga, akadhani na nyinyi vile vile."

"Sikusema amefuturu," alisema Mama Sakarbai. "Nimesema amekula, na hilo nalo ni uongo, Mungu anisamehe. Alinipigia simu Jumamosi, akaniambia wakija polisi niseme alikuwa kwangu. Sikumuuliza kwa nini. Nilikwisha jua." Alipiga kaunta kwa kiganja. "Nipeleke mahakamani ukitaka. Nitakaa kimya mpaka hakimu asinzie. Yule binti hakuiba! Sikiliza mashine ile. Unajua ilikaa kimya kwa muda gani?"

"Mzee Mselem yuko mahabusu tangu jana kwa ajili ya jambo hili."

Kiganja kilibaki palepale juu ya kaunta.

"Mselem wa langoni?"

"Ndiye. Kesho anapelekwa mahakamani."

Mama Sakarbai alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Alimbeba mume wangu siku alipoanguka pale ngazini," alisema. "Alimbeba mgongoni hadi kwenye gari. Anjela anajua kama ameshikwa?"

"Hilo ndilo ninalokwenda kumuuliza."

*

Anjela alirudishwa kwenye chumba cha mahojiano mchana. Mara hii Sabiha hakuketi.

"Njia ya mwongo ni fupi, Bi Anjela. Yako imeishia kwenye sinia. Alhamisi Mabohora walikuwa wanakula Idd."

Ajabu, Anjela alicheka kidogo.

"Miaka minne nakaa Tanga," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Uliingia kwenye kompyuta ya mkuu wako?"

"Una ushahidi gani?"

"Vidole vyako. Ufunguo wako. Uongo wako. Nikitaka zaidi nitapata. Lakini kabla sijafika huko nina swali jingine. Unajua mzee Mselem yuko wapi?"

Kicheko kilitoweka.

"Wamemhoji."

"Yuko nyuma ya ukuta huu, kwenye saruji. Ulijua?"

"Nilijua jana." Sauti ilishuka. "Nilisema hana kosa, watamwachia. Jioni nikasema kesho watamwachia. Leo asubuhi nikasema…"

"Ukasema kesho."

Anjela aliukaza mkoba mapajani.

"Hiyo si ndiyo lugha ya ofisini kwenu?" Sabiha alisema, na hasira yake haikuwa ya kuigiza. "Yupo mzee, haki yake inajulikana, halali kabisa, imehakikiwa. Inahitaji mtu mmoja tu ainue mkono. Na mwenye mkono anasema kesho. Umewatoa wote kwenye foleni, Bi Anjela, halafu ukamwingiza Mselem."

Machozi yalimjaa Anjela lakini hayakudondoka. Alisukuma mkoba pembeni, akasimama.

"Mfungulie."

"Toa maelezo yako kwanza. Huo ndio utaratibu."

"Utaratibu naujua, Inspekta, nimeula na kuulala! Kwanza hiki, halafu kile, halafu mkubwa asaini, na mkubwa hayupo. Sisemi neno. Mfungulie yule mzee. Nikimwona nje ya mlango ule nitasema mpaka mkono wa koplo ufe ganzi. Bila hivyo hata jina langu sitalitaja."

Sabiha alitoka hadi kaunta.

"Badru, mtoe Mselem."

"Afande, wa kutoa mtu mahabusu ni mkuu wa kituo. Ameshatoka kwenda kula. Tumsubiri, akirudi…"

Badru alisikia maneno yake mwenyewe. Sabiha alimnyooshea mkono.

"Ufunguo. Na kitabu cha mahabusu. Andika kwamba nimemtoa mimi."

"Itakuletea matatizo, afande."

"Yaje yanikute nimesimama."

Alitia sahihi kwa herufi kubwa, asije mtu baadaye akasema haisomeki. Akafungua mlango wa chuma kwa mkono wake. Mzee Mselem alitoka polepole, mkono ukutani, magoti yamekauka kwa baridi ya saruji. Anjela alisimama mlangoni mwa chumba cha mahojiano akimtazama mpaka alipofika barazani, na Bi Khadija akasikika akisema kwa nguvu kwamba wali umepoa na ni shauri yao.

Ndipo Anjela aliporudi akakaa.

"Andika," alimwambia Badru.

Sabiha alimpa onyo kama sheria inavyotaka: hakulazimika kusema lolote, na atakalosema lingeandikwa na kuweza kutumika mahakamani. Anjela aliitikia kwa kichwa.

"Neno la siri ulilipata wapi?"

"Alinipa mwenyewe."

"Tahiri?"

"Tahiri. Kuna wadai waliojua njia. Walimfuata nje ya ofisi, wakamaliza naye huko. Yeye muda mwingi hayupo, na mfumo haufunguki ukiwa nje ya ofisi. Basi hunipigia: ingia kwangu, pitisha la fulani. Mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza. Wenye kutoa walipata haki yao kwa siku mbili. Wasiotoa nilikuwa nawaambia bado. Mimi, kwa kinywa changu hiki, 'bado, Mzee,' 'bado, Mama.' Na madai yao nilikwisha yahakiki mwenyewe. Nilijua ni ya kweli."

"Kwa hiyo hakuweza kukutaja."

"Angenitajaje? Angeulizwa neno la siri nimelijuaje. Ndiyo maana alimtafuta Mselem."

Sabiha alikumbuka sahihi ya Tahiri chini ya yale maelezo. Mtu yule alikuwa tayari kumfunga mlinzi ili yeye asiulizwe.

"Alhamisi kulitokea nini?"

"Alinitumia ujumbe akiwa Ushongo. Hapendi kuandika, hutuma sauti. Ipo." Anjela alitoa simu mkobani, akaiweka mezani, akaibonyeza.

Sauti ya Tahiri ilijaa chumbani, ya mtu aliyeshiba, mawimbi yakisikika nyuma yake. "Anjela, usiondoke bado. Ingia kwangu, pitisha la Faizal wa hoteli, tumeshaelewana. La mama wa kamba na wale wengine yaache hapo hapo. Wakichoka watakuja."

Badru alisahau kuandika.

"Nikakaa mpaka watu wote wakaondoka," Anjela aliendelea. "Nikaingia. Nikapitisha la Faizal. Nilikuwa nataka kuzima. Lakini chini yake nikaona la marehemu Esmailji. Mzee yule alikuwa akija na kanzu yake nyeupe, anapanda ngazi kwa kupumzika, na hakunifokea hata siku moja. Hakutoa kitu. Alisema, 'Binti, nikinunua haki yangu mwenyewe, nitakuwa nimekubali kwamba haikuwa yangu.' Karakana ikafungwa, wasokotaji wake wakarudi kulima mihogo, na yeye akaanguka kwenye ngazi zetu. Nilikwenda kumpa mkono wa pole mjane. Alinikalisha, akanilisha. Mimi! Kama angejua ni kidole gani kilichokuwa hakibonyezi, angenimwagia chakula kile usoni."

Alivuta pumzi.

"Lakini kidole kilikuwa kimekwisha fika pale. Nikabonyeza. Nilidhani nitaogopa, sikuogopa. Nikabonyeza linalofuata. Nje watu wakaanza kushangilia mwezi, nikabonyeza yote mpaka hapakubaki kitu. Nikazima taa nikaenda nyumbani nikalala usingizi ambao sijalala tangu niajiriwe."

"Halafu ukamwachia Mselem," alisema Sabiha.

"Halafu nikaogopa, nikamwachia Mselem. Hilo ni langu. Hilo liandike kwa wino mweusi."

Badru alimsomea maelezo yake. Alipofika mahali alipoandika 'niliiba neno la siri na kutenda wizi huo', Anjela aliinua mkono.

"Hapo hapana. Andika niliingia bila ruhusa ya sheria. Andika nilidanganya polisi. Nitafungwa kwa hayo, sawa. Wizi sikutenda, na siutii sahihi hata mkinilaza hapa mwaka mzima."

Badru alimtazama inspekta.

"Kata mstari huo," alisema Sabiha. "Tia sahihi yako pembeni kwamba umekosea."

*

Bwana Tahiri alifika kituoni alasiri, ameitwa aje kusikia maendeleo ya upelelezi. Aliingia akitabasamu, akiwa ameongozana na Mrakibu Kristofa aliyetoka kula.

"Nasikia mshtakiwa wangu umemwachia!"

"Nimemwachia."

"Kwa amri ya nani?" aliuliza Kristofa.

"Yangu, afande. Iko kitabuni. Bwana Tahiri, jana ulitia sahihi kwamba neno lako la siri hajui mtu. Bado unasimamia hapo?"

"Nasimamia."

Sabiha alibonyeza simu. Mawimbi ya Ushongo yakasikika, kisha ile sauti iliyoshiba. Tahiri aliisikiliza mpaka mwisho, na kadiri ilivyoendelea tabasamu lilibaki usoni bila mwenyewe.

"Hiyo… watu siku hizi wanatengeneza sauti," alisema.

"Faizal wa hoteli naye ametengenezwa? Amekubali kuja kutoa maelezo. Na Mama Sakarbai ameshatuma ujumbe kwamba anakuja na wadai wenzake kueleza walivyodaiwa kitu kidogo. Amesema wasipopata viti watasimama."

Tahiri alimgeukia Kristofa. Mrakibu alikuwa anatazama dirishani. Mpaka saa ile alikuwa rafiki, sasa alikuwa askari.

"Vua mkanda, Bwana Tahiri," alisema Sabiha. "Na viatu. Saa na simu uviweke hapa."

Alivua. Soksi zake zilikuwa nzuri sana.

Anjela alipelekwa mahabusu ya wanawake, ng'ambo ya baraza. Hakutiwa pingu. Pale barazani mzee Mselem alikuwa hajaondoka, kakaa kwenye mkeka na mkewe, wanamalizia wali. Anjela alisimama mbele yao.

"Shikamoo, Mzee. Ni mimi. Nilijua umeshikwa, nikanyamaza. Naomba unisamehe."

"Usimsamehe!" alisema Bi Khadija.

Mzee alitafuna, akameza, akafuta vidole. Alimtazama Anjela kwa muda, bila huruma nyingi.

"Sijakusamehe," alisema. "Sakafu ile si mchezo, mwanangu, na magoti haya si ya kuazima. N'tafikiri."

Anjela aliinamisha kichwa, akaanza kutembea. Hakuwa amefika mbali mzee alipomwita.

"We binti! Siku ile mbona hukun'ambia?" Alikuwa amesimama, mkono umeshika nguzo, kofia imekaa upande. "Wallahi ungeniambia, uji ningeuacha. N'gekufungulia lango mwenyewe, na n'gekaa pale mpaka ubonyeze la mwisho!"